Fomu Ilitiwa Saini

Mara ya tano barua iliporudishwa, Mwalimu Nyamizi hakusoma muhuri. Aliujua kwa kuupapasa, kama kipofu anavyoujua mlango wa nyumba yake: wino uliovimba kidogo pembeni mwa karatasi, neno moja lililogongwa na mkono uliochoka, HAIELEWEKI. Aliikunja mara mbili, akaitia mkobani pamoja na zile nne, akakaa kwenye benchi la saruji asijue kama anapumzika ili aondoke au ili aanze upya.

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likachakaa kwa kuandikwa mno. Katikati yake lilisimama jengo ambalo watu waliliita Sikio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa moja tu, kusikia. Aliyedhulumiwa alikwenda Sikio. Aliyefiwa kifo kisichoelezeka alikwenda Sikio. Lakini Sikio lilisikia kwa maandishi, na kwa Kiingereza peke yake, na hakuna aliyekumbuka amri hiyo ilitoka wapi. Hapakuwa na mtu mjini aliyezaliwa ndani ya Kiingereza; hakuna aliyebembelezwa kwacho, wala aliyelia kwacho jino lilipomuuma. Hata maafisa wenyewe, madirisha yakishafungwa, ungewasikia wakiulizana habari za mboga na za wajukuu kwa lugha za kwao. Asubuhi dirisha lilipofunguliwa masikio yao yalikuwa yameshabadilika. Ungeweza kulia mbele yao kwa lugha uliyonyonya, nao wakakutazama kwa huruma kama unavyomtazama mtu anayesema nyuma ya kioo.

Tarehe nayo ilikuwa imepotea njia. Ukutani ilitundikwa kalenda ambayo mtu aliyefika wa kwanza aliruhusiwa kuchana karatasi moja, na kwa kuwa wengine walichana mbili kwa haraka na wengine hawakuchana kabisa, siku za Sikio hazikuwa tena na undugu na siku za jua. Barua zilijibiwa kwa miaka ambayo haijafika. Nyamizi alipokuja mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Kwa mujibu wa faili lake sasa alikuwa na thelathini na tisa, na kwa mujibu wa magoti yake alikuwa na sabini.

Alikuja kwa ajili ya mdogo wake, Minza. Minza aliingia hospitalini kwa miguu yake, uchungu umemshika, na kesho yake akatolewa amefunikwa, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Kati ya kuingia na kutolewa kulipita karatasi moja. Nyamizi alikuwepo. Alitaka Sikio liwaulize wale wenye makoti meupe swali dogo tu: kwa nini, baada ya karatasi ile, hakuna aliyerudi.

Huyu Nyamizi alikuwa amefundisha darasa la pili kwa miaka ishirini na sita. Vidole vilivyojifunza kushika kalamu chini ya mkono wake vilitosha kujaza kijiji kizima. Kiingereza chake mwenyewe alikipata chuoni kwa kukariri, akakiweka kama nguo ya sikukuu, na alipokuja kukitoa sandukuni alikuta kimembana kwapani. Lakini kijijini walimjua kuwa anajua. Walimletea vikaratasi vya dawa, naye aliviinamia kwa muda wa heshima, akatafuta tarakimu, akasema, “Viwili asubuhi, viwili jioni.” Hakuwahi kusema hajui. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa namna ambayo ingemruhusu kusema hajui.

Basi barua zake tano zilikuwa Kiswahili kilichovishwa maneno ya kigeni, kikitembea kwa mwendo wake wa nyumbani. Ndani yake alikuwa amesema yote. Ungeirudisha sentensi ya katikati neno kwa neno, ingesema hivi: Mimi nilitia saini ile karatasi mimi sikujua inasema nini. Alikuwa ameiandika mara tano. Mara tano Sikio lilijibu kwamba haieleweki.

Kwenye benchi lile alikuwepo mzee mmoja, Ndalahwa, aliyekuwa mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Miaka thelathini alisimama kati ya hakimu na mshitakiwa akiwabebea maneno, na kwa kuwa mkalimani husema vile vile alivyosema mwenyewe, kutwa nzima alikuwa akisema mimi niliiba, mimi niliua, mimi sina hatia, mimi nina watoto wanne. Alikuja Sikio kuomba wamsaidie kujua, kati ya hao wote, ni mimi yupi aliyekuwa wake. Ombi lake lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza safi kabisa. Lilipokewa siku hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna aliyemwita.

Ndalahwa ndiye aliyemweleza habari za akili mnemba. Alisema siku hizi huhitaji mkalimani. Unaiandikia simuni Kiingereza chako kilichovunjika, inakurudishia kizima. Nyamizi aliona haya. Alisema hawezi kukionesha kitu chochote, hata kama hakina macho, Kiingereza ambacho amekificha maisha yake yote.

“Mficha uchi hazai, mwalimu,” Ndalahwa alisema. Kisha akaona neno hilo limemwangukia vipi mwanamke ambaye mdogo wake alikufa katika uzazi, akatazama pembeni.

Mchana ule ule, akiwa amekaa kivulini mwa ukuta, Nyamizi aliichapa barua yake ya tano kwenye simu, makosa yote kama yalivyo, akabonyeza. Hakupata hata muda wa kumeza mate. Maandishi yalishuka kama maji yaliyofunguliwa kutoka kwenye tangi, aya baada ya aya, kila nukta mahali pake. Aliyasoma polepole, midomo ikicheza. Alielewa zaidi ya alivyotegemea, na alichokielewa kilikuwa kizuri. Palikuwa na mwanamke ndani ya barua ile, mtulivu, mwenye shule, anayejua kuomba bila kupiga magoti. Nyamizi alimpenda papo hapo, kama unavyompenda mgeni aliyekuja msibani, akakunja mikono ya nguo, akaosha vyombo.

Akafika kwenye sentensi ya katikati. Ile ya mara tano. Sasa ilikuwa na maneno machache tu. Ilisema: Fomu ilitiwa saini.

Aliisoma tena. Hakukuwa na mtu ndani yake. Fomu ilikuwepo, saini ilikuwepo, lakini mkono haukuwepo. Ni kama saini ilishuka yenyewe kutoka darini, kama vumbi. Na hapo, jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu, alisikia mabega yake yakishuka. Kitu kilichokuwa kimemkalia shingoni tangu siku ile kiliinuka. Hakuwa amesema uongo. Fomu kweli ilitiwa saini. Ilikuwa sentensi ya kweli kabisa, safi kama sahani iliyooshwa, na yeye hakuwemo.

Hakuigusa. Aliipeleka vile vile.

Sikio lilijibu kwa mwaka ambao ulikuwa umepita. Barua ilisema maelezo yake yameeleweka vizuri na yamewagusa waliosoma. Ilianza kwa kumsalimu Bibi Naomi. Nyamizi alirudi kwenye simu, akaona: akili mnemba ilidhani Nyamizi ni kosa la kidole, ikalisahihisha. Alitaka kuandika kukanusha. Lakini ili kukanusha ilimpasa aandike Kiingereza, na ili aandike Kiingereza ilimpasa apitie mle mle, na alikuwa amechoka. Akaacha. Wakaomba maelezo zaidi, akatuma. Wakaomba ufafanuzi, akatuma. Aliandika vibaya, kikarudi kizuri. Baadaye akaandika vibaya zaidi, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kujitahidi, nacho kikarudi kizuri vile vile. Maafisa walipopita ukumbini walimsalimu kwa jina la Naomi, naye alianza kugeuka kabla hajakumbuka kwamba si lake.

Ni nani anayeandika, alijiuliza siku zile, ninapoandikwa? Mtoto wa darasa la pili nilimshika mkono, mkono wangu ukamwongoza, a ikatoka a. Ile a ni ya nani? Nilisema siku zote ni ya mtoto. Nilimpigia makofi mtoto. Lakini nilimwachia mkono wakati fulani, lazima umwachie. Huu mkono hauniachii. Haunibani wala hauniumizi. Ni laini mno, ndiyo maana sitambui nimeshikwa tangu lini. Na Naomi anazidi kunenepa. Anapata salamu. Anaaminiwa. Amemlilia Minza kuliko nilivyomlilia mimi, kwa maneno ambayo mimi sina. Au labda huzuni ni ya yule mwenye maneno. Labda asiye na maneno ana maumivu tu, kama mnyama, na maumivu hayapokelewi dirishani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaza, na siku zikichanwa ukutani mbili mbili, mpaka ikaja barua ya wito. Sikio lingemsikiliza Bibi Naomi ana kwa ana. Angesoma maelezo yake kwa mdomo wake, na kama yangekubalika, waliokuwepo siku ile hospitalini wangeitwa.

Lubango alisafiri kutoka kijijini siku moja kabla ya kusikilizwa. Yeye ndiye aliyekuwa mume wa Minza, fundi seremala, mtu wa maneno machache hata kabla ya kufiwa. Siku ile ya hospitali hakuwepo. Alikuwa mbali akipaua shule, na alipopata habari alikuta kaburi limeshachimbwa. Hakuwa amelisisitiza shauri hili. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba maiti harudi kwa barua. Lakini alikuja, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba alichopanga Nyamizi, akapewa maji, akayanywa yote. Kisha akasema hajui Kiingereza, na angependa kujua kesho kitasemwa nini juu ya mke wake.

Nyamizi alichukua karatasi. Alisoma kimoyomoyo sentensi moja, akaisema kwa Kiswahili, kisha nyingine. Ilikuwa kazi ngumu ajabu. Maneno yale yaliyopendeza yakiwa yamekaa kwao, yalipovushwa yalifika yamelowa na mepesi, kama mzigo uliovuja njiani. Marehemu alipokelewa. Hali ilibadilika. Changamoto zilijitokeza. Alikuwa akisikia sauti yake ikisema changamoto zilijitokeza kwa mtu ambaye alikuwa amelala na Minza miaka kumi na mmoja kitanda kimoja, na aliona aibu, lakini aliendelea.

“Fomu ilitiwa saini,” akasema, akataka kupita.

Lubango aliinua mkono kidogo. “Na nani?”

Nyamizi alitazama karatasi kana kwamba jibu lingekuwemo. Halikuwemo. Ndiyo kazi yote ya sentensi ile, jibu lisiwemo. Nje mwanamke mmoja alikuwa akitwanga, na Nyamizi akajikuta anahesabu mapigo ya mchi. Alipofika tisa akasema.

“Na mimi.”

Akamweleza. Daktari alitaka Minza apasuliwe ili mtoto atolewe. Muuguzi alileta karatasi, akaiweka mapajani mwa Nyamizi, akamuuliza kama anajua kusoma, naye Nyamizi akajibu kwamba yeye ni mwalimu. Muuguzi akashukuru, akakimbilia mgonjwa mwingine. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili za kutia saini, moja juu na moja chini. Aliiinamia kwa muda wa heshima. Akatafuta tarakimu, hazikuwepo. Akachagua ya chini, kwa kuwa katika maisha yake yote watu hutia saini chini. Ya juu ilikuwa ya kukubali. Ya chini ilikuwa ya kukataa. Walisoma kwamba ndugu wamekataa, wakaenda kwa wengine waliokubali. Minza aliita mpaka sauti ikaisha, na Nyamizi alikuwa akimwambia tulia, wanakuja, nimeshawatilia saini.

Lubango aliinuka, akaenda akasimama uani akiwa amempa mgongo, mikono imeshika kichwa, na yule mwanamke aliyekuwa akitwanga akaacha kutwanga. Aliporudi hakuketi.

“Ulikuwa unajua Kiingereza, shemeji. Kijiji chote tulikuwa tunajua kwamba unajua.”

“Nami niliwaacha mjue.”

Lubango aliuliza kama angemwambia iwapo yeye asingeuliza. Nyamizi akasema hajui. Hilo, alisema Lubango, angalau ni neno ambalo alipaswa kulisema siku ile hospitalini. Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kutembea mji asioujua, na hakusema atarudi saa ngapi.

Jua lilikuwa bado juu. Nyamizi alibaki na simu mapajani, mahali pale pale ilipokuwa karatasi. Ndalahwa alipita kumjulia hali, akaona uso wake, akaketi bila kuuliza. Naye Nyamizi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitumia akili mnemba, akaiandikia kwa Kiswahili. Aliandika: Kwa nini uliniondoa kwenye sentensi?

Ilijibu kwa Kiswahili cha vitabuni, sanifu, kisicho na kijiji. Ilisema kwamba katika maandishi ya kiofisi ya Kiingereza mara nyingi mtendaji hufichwa ili maelezo yasikike tulivu, na kwamba ilikisia ndivyo alivyotaka. Ilisema ilipaswa kumuuliza kwanza, na haikufanya hivyo. Kisha ikaongeza: Je, ni nani aliyetia saini?

Nyamizi aliitazama ile alama ya kuuliza. Barua tano, mihuri mitano, kisha barua za sifa, kisha wito, na katika Sikio zima, lililojengwa kwa ajili ya kusikia, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ameulizwa na seremala asiyejua Kiingereza, na sasa na kitu kisichojua kufiwa. Alimwonesha Ndalahwa. Mzee alisoma, akarudisha simu taratibu.

“Mimi nimesema mimi kwa niaba ya watu wote hao,” alisema. “Hili siwezi kukusemea.”

Nyamizi akaandika kwa Kiingereza, kwa kidole kimoja, bila kukimbilia mahali. Neno la mimi, neno la kutia saini katika wakati uliopita, na fomu. Alisita kwenye mwisho wa kitendo, akakumbuka kanuni aliyoikariri chuoni miaka hiyo, akaiweka. Alibonyeza. Jibu lilikuja fupi: Sentensi hii haina kosa.

Alikaa nalo kidogo. Kisha akaiambia akili mnemba asichokitaka. Hakutaka ipambe. Hakutaka imtulize. Imwoneshe tu pale ambapo msomaji angemwelewa vibaya, imwambie kwa nini, na kalamu ibaki kwake. Ilikubali, na kwa kweli ilijaribu. Mara mbili ilijisahau ikampa aya nzima iliyong'arishwa, naye akaikatalia kama anavyomkatalia mtoto anayeandika kwa mkono wa mwenzake. Ilimfundisha kwamba amechanganya nyakati, na hapo alikuwa amechanganya kweli, kwani kwake yeye Minza alikuwa bado anaita. Ilimuuliza neno uchungu: je, anamaanisha maumivu ya kujifungua, au huzuni? Kiingereza, ilisema, kinayaweka mbali mbali. Aliwaza sana juu ya hilo. Akajibu yote mawili. Ikamwambia basi ayaandike yote mawili, moja baada ya jingine, ingawa sentensi itarefuka. Akaiacha irefuke.

Na jina lake akalirudisha herufi kwa herufi. N, y, a.

Lubango alirudi jua likielekea kuzama, viatu vyeupe kwa vumbi. Alikuta Nyamizi anaandika na Ndalahwa amesinzia. Alilala kwenye mkeka upande wa pili wa chumba bila kula. Asubuhi aliamka kabla yao, akavaa shati alilokuja nalo limekunjwa, akasema twendeni.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kirefu na kilipungua upana kadiri ulivyoingia ndani, hata mwisho wake ukawa na nafasi ya meza moja tu. Nyuma ya meza walikaa maafisa watatu, na wa katikati, mwenye miwani na kikohozi, alikuwa Bi Kalekwa. Mbele yake palikuwa na faili la Naomi. Ndalahwa na Lubango walisimama nyuma. Nyamizi alifunua karatasi, akasoma sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, kwa lafudhi ya kwao, kila silabi ikikanyaga chini kwa unyayo wote. Kisha akageuza shingo, akaisema sentensi hiyo hiyo kwa Kiswahili.

Bi Kalekwa alimkatiza. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba utaratibu hauruhusu.

“Mwenye msiba yuko nyuma yangu, mheshimiwa,” Nyamizi akajibu kwa Kiswahili. “Kiingereza hakisikii.”

Hakungoja ruhusa. Alisoma hivyo mpaka mwisho, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Aliposema kwamba yeye ndiye aliyetia saini, mahali pasipo pake, kwa kuogopa kuonekana hajui, alilisema mara mbili kama yote mengine, na lilikuwa zito kwa lugha zote mbili. Halafu akasema kwamba hilo ni lake na atalibeba. Lakini aliyemwona mgonjwa anaita na bado akaiamini karatasi kuliko sauti, na asirudi hata kuuliza mmekataa kwa nini, huyo naye aitwe asimame mahali hapa.

Maafisa walinong'onezana. Bi Kalekwa alifungua faili, akapindua kurasa. Maelezo haya, alisema, hayalingani na yale ya awali, ambayo yalikuwa bora zaidi. Naomi aliyeyaandika yuko wapi?

“Hakuwepo hospitalini,” Nyamizi alisema.

Kisha akaomba jambo moja. Fomu yenyewe imo ndani ya faili. Asomewe kwa Kiswahili, sehemu ile ya chini, kwa kuwa mpaka leo hajawahi kusikia alitia saini nini.

Labda ni uchovu uliomfanya Bi Kalekwa akubali. Aliichomoa fomu, akasogeza miwani, akaanza kuivusha: mimi niliyetaja jina langu hapa, kwa niaba ya mgonjwa, nikiwa nimeelezwa. Alikwama. Alirudi nyuma akaanza tena, akakwama pale pale. Alimwelekezea afisa wa kulia karatasi kwa kidole, naye akakunja midomo. Akamwelekezea wa kushoto, naye akatikisa kichwa. Watu hawa walikuwa wamegonga mihuri yao juu ya fomu za namna ile kwa miaka ambayo hata kalenda yao haikuijua. Bi Kalekwa alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kitenge. Alipozungumza tena alizungumza Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke wa kawaida aliyeamka mapema mno.

“Neno hili silijui,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeshangaa, na pengine hilo ndilo lililokuwa la kusikitisha kuliko yote. Bi Kalekwa aliandika kwa muda. Aliandika kwamba daktari na muuguzi waliokuwepo waitwe, waulizwe kwa nini hawakurudi. Akamwambia Nyamizi kwamba maandishi hayo hayana budi kutaja pia nani alitia saini. Nyamizi akasema liandikwe. Alilitaja jina lake polepole, na safari hii lilifika kwenye karatasi likiwa zima.

Walitoka. Ndalahwa aliwaaga ukumbini. Alikwenda akasimama mbele ya dirisha la maombi, akaomba arudishiwe ombi lake, na walipomuuliza sababu alisema ameshachoka kusubiri jibu la swali ambalo ni juu yake mwenyewe. Walimpa bila ubishi. Nyamizi na Lubango wakashika barabara ya kwenda stendi, yeye mbele, Nyamizi nyuma kidogo kwa sababu ya magoti. Wakavuka mfereji.

“Sijakusamehe, shemeji,” Lubango alisema bila kugeuka.

“Najua.”

“Na sijui kama itatokea.”

Nyamizi alisema na hilo pia analijua. Hakuwa na la kuongeza, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakutafuta la kuongeza. Jua la saa tisa lilikuwa limeegemea upande wa kulia wa barabara, kali, hakuna mti wala ukuta. Lubango alipunguza mwendo mpaka wakalingana. Wakaenda hatua kadhaa hivyo. Kisha, bila kumtazama, akazunguka akahamia upande wa jua, na kivuli chake kikamwangukia Nyamizi.